Kesi ya Suárez na Evra: je, "kwetu si tusi" ni utetezi?

Tarehe 15 Oktoba 2011, uwanjani Anfield, Liverpool walipata kona dakika ya 63 ya mechi dhidi ya Manchester United. Patrice Evra, beki wa kushoto wa United, ndiye aliyekuwa akimkaba Luis Suárez, mshambuliaji wa Liverpool kutoka Uruguay. Dakika chache kabla, Suárez alikuwa amemchezea rafu ya gotini, na Evra alikuwa bado na kinyongo. Akamwuliza kwa Kihispania kwa nini amempiga teke. Majibizano yaliyofuata yalichukua takriban dakika mbili, na hakuna kipaza sauti kilichoyanasa. Mechi iliisha sare ya 1-1. Miezi miwili baadaye Suárez alifungiwa mechi 8 na kutozwa faini ya pauni 40,000, na tarehe 31 Desemba Chama cha Soka cha England (FA) kikatoa maelezo ya hukumu yenye kurasa 115.

Utetezi wake ulikuwa mwepesi kueleweka: neno alilotamka, "negro", kwao Uruguay si tusi. Ukaanguka. Mpaka leo wapo wanaoamini kwamba ulianguka kwa sababu Waingereza hawakutaka kusikia habari za Uruguay. Ukisoma hukumu utaona kwamba jopo la FA liliisikiliza Uruguay kwa makini sana, likategemea wataalamu wa lugha na jamii za huko, na ushahidi kuhusu huko nao ukamlemea Suárez. Ndiyo sababu kesi hii inafaa kuchambuliwa kuliko nyingine yoyote pale mchezaji anaposema amelelewa hivyo.

Kwanza, kila mmoja alisema nini.

Kwa mujibu wa Evra, alipouliza kwa nini amepigwa teke, Suárez alijibu "Porque tú eres negro", yaani kwa sababu wewe ni mweusi. Evra akamwambia arudie aone kama hatakula ngumi. Suárez akasema "No hablo con los negros", mimi siongei na watu weusi. Evra akasema sasa atampiga kweli. Jibu likawa "Dale, negro, negro, negro": haya basi, mweusi, mweusi, mweusi. Katikati ya hayo Suárez alimfinya ngozi ya mkono, na kufinya huko kunaonekana kwenye video.

Kwa mujibu wa Suárez, neno hilo alilitamka mara moja tu, tena baadaye kidogo. Evra alimwambia asimguse, na yeye akauliza "¿Por qué, negro?", kwa nini, mweusi? Alilitumia, alisema, kama watu wa kwao wanavyoitana, kwa nia ya kutuliza mambo.

Hapa lazima tuwe waadilifu kwake. Suárez alizaliwa Salto mwaka 1987 na kukulia Montevideo. Katika Kihispania cha pande za Río de la Plata, yaani Uruguay na Argentina, "negro" na "negrito" ni maneno ya kila siku kati ya marafiki, ndugu, mke na mume, na mara nyingi anayeitwa hivyo wala si mweusi. Klabu yake ilieleza pia kwamba babu yake alikuwa mweusi. Hakuna hata kimoja katika haya kilichotungwa kwa ajili ya kesi. Anayesema habari ya lugha ya kwao ilikuwa kisingizio cha kubuni hajui Uruguay.

Lakini kesi ya namna hii ina maswali matatu, na hoja ya asili, yaani "nimelelewa hivyo", haina uzito uleule katika kila moja. La kwanza: ni nini hasa kilichosemwa? La pili: je, kilichosemwa ni tusi? La tatu: adhabu iwe kiasi gani? Mabishano mengi ya mashabiki yanapotea njia kwa sababu wanaichukua hoja ya asili na kuirusha juu ya maswali yote matatu kwa pamoja.

Kwenye swali la kwanza, asili haisaidii kitu. Malezi ya mtu hayawezi kutuambia alisema neno mara moja au mara saba. Hilo linaamuliwa kwa ushahidi, na kipimo kilichotumika hapo si kile cha kesi za jinai. Jopo lilitakiwa kuangalia lipi lina uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli, likizingatia kwamba tuhuma nzito inataka ushahidi wenye nguvu. Baada ya hukumu Liverpool walilalamika kwamba mchezaji wao ametiwa hatiani kwa neno la Evra peke yake. Malalamiko hayo yanaeleweka, maana hakuna mchezaji mwingine wala mwamuzi aliyeyasikia mazungumzo yale. Ila si sahihi kwamba hakukuwa na kingine.

Kulikuwa na video, ambazo Evra alielezea mambo kwa namna iliyoendana nazo na Suárez hakuweza. Kulikuwa na watu aliowaambia Evra muda uleule: mwenzake Ryan Giggs uwanjani, wachezaji wengine kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kisha mwamuzi Andre Marriner baada ya mechi, akiwa na kocha wake Alex Ferguson. Na kulikuwa na jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo lililoizamisha kesi ya Suárez, ingawa lilitoka upande wake mwenyewe.

Baada ya filimbi ya mwisho, Damien Comolli, mkurugenzi wa soka wa Liverpool, alizungumza na Suárez kwa Kihispania kisha akaenda kumweleza mwamuzi. Maneno aliyoyapeleka, na mwamuzi wa akiba Phil Dowd akayaandika, yalikuwa kwamba Suárez alisema "tú eres negro", wewe ni mweusi. Mchezaji mwenzake, Mholanzi Dirk Kuyt, naye alizungumza na Suárez kwa Kiholanzi, lugha ambayo Suárez alijifunza alipocheza Groningen na Ajax, na alichoelewa ni "kwa sababu wewe ni mweusi". Watu wawili wa Liverpool, kwa lugha mbili tofauti, ndani ya saa moja, waliondoka kwa Suárez na sentensi inayofanana na ile ya Evra.

Liverpool walieleza baadaye kwamba ilikuwa ni kusikia vibaya. Kisarufi inaweza kuonekana jambo dogo: "por qué" ni kwa nini, "porque" ni kwa sababu, na masikioni maneno hayo yanakaribiana mno. Lakini sentensi ya Comolli ilikuwa na "tú eres", wewe ni, na katika "¿por qué, negro?" maneno hayo hayamo kabisa. Wala mkanganyiko wa por qué na porque haupo katika Kiholanzi. Utetezi uliojengwa juu ya maana ya ndani ya neno moja uliangushwa na maneno mawili yaliyolizunguka.

Tukumbuke pia kwamba Evra mwenyewe hakuwa shahidi asiye na doa. Alianza yeye kwa maneno makali ya Kihispania yanayomtaja dada wa mtu, ambayo alisema ni kama kuguna kwa hasira. Akiongea na televisheni ya Ufaransa baada ya mechi alisema neno lilitamkwa mara kumi, jopo likakuta mara saba. Na mwanzoni alidhani "negro" ni sawasawa na lile tusi baya kabisa la Kiingereza kwa watu weusi, mpaka alipoelewa kwamba maana yake ya kawaida ni "mweusi". Haya yote yamo kwenye hukumu. Jopo lililomwamini halikumwamini kwa kufumba macho.

Swali la pili ndilo lenye utajiri, na ndipo hoja ya asili inapostahili kusikilizwa kikamilifu.

Kanuni ya FA iliyotumika ni E3. Sehemu yake ya kwanza inakataza maneno au vitendo vya matusi na vya kudhalilisha; ya pili inaongeza uzito pale ambapo maneno hayo yanagusa asili, rangi au kabila la mtu. Kipimo cha kujua kama neno ni tusi si nia ya msemaji. Jopo linajiuliza lenyewe: maneno haya, katika mazingira haya, ni ya kudhalilisha? Kwa maana hiyo, FA hawakulazimika kuonyesha kwamba Suárez ni mbaguzi, na hawakujaribu. Evra mwenyewe alisema hamwoni Suárez kuwa mbaguzi. Mjadala wa "Luis si mbaguzi, ana marafiki weusi" ulijaa magazetini wiki nzima, na kwa kesi yenyewe haukuwa na kazi yoyote.

Hata hivyo jopo lingeweza kuishia hapo, liseme tuko England, neno hili England halifai, basi. Halikufanya hivyo. Liliwategemea wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Manchester, Profesa Peter Wade na Daktari James Scorer, watu wanaosoma jamii na lugha za Amerika ya Kusini. Waliulizwa maneno yale yangechukuliwaje na Mruguay anayeyasikia. Jibu lao lilikuwa na pande mbili. Kama Suárez alisema kama anavyodai yeye, mara moja, kwa kutuliza, basi Uruguay na kwingineko kwenye Kihispania cha Amerika hilo lisingehesabiwa kuwa tusi, wala tusi la rangi. Kama alisema kama anavyoeleza Evra, basi lingehesabiwa kuwa tusi la rangi hata Uruguay.

Hata Uruguay. Hapo ndipo kesi nzima ilipo. Mtu anayeleta utetezi wa kwao anatakiwa alete kwao nzima, pamoja na masharti yake. Hakuna jamii ambayo neno la rangi huwa la upendo wakati wote, kwa kila mtu, kwa kila sauti. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna neno zuri la kulielewa jambo hili: utani. Utani una wenyewe. Mtani anaweza kukuambia jambo ambalo angelisema mpita njia mngeshikana mashati, na kila aliyekulia ndani ya utani anajua mipaka yake bila kufundishwa darasani. Anayejitetea kwamba alikuwa akitania anatakiwa kuonyesha utani huo ulitoka wapi. Suárez na Evra hawakuwa marafiki. Walikuwa wapinzani wawili waliokasirishana, mmoja ametoka kumpiga mwenzake teke, na mmoja anatishia ngumi.

Suárez alidai kwamba hata kule kufinya mkono kulikuwa kwa kutuliza. Alipobanwa kwa maswali mbele ya jopo huku video ikitazamwa, alikubali kwamba hakukuwa hivyo. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kumwamini kwamba neno lenyewe lilikuwa la kutuliza, na jopo lilisema wazi kwamba dai hilo haliaminiki.

Makosa ya upande wa utetezi yana mafunzo kwa klabu yoyote, na hayakuanzia siku ya kusikilizwa. Mchezaji anapotuhumiwa hivi, kitu cha kwanza ni kukaa naye faraghani na mkalimani asiye mwajiriwa wa timu, kabla hajaongea na mwamuzi, mwandishi wala mchezaji mwenzake, na kuandika sentensi yake neno kwa neno katika lugha aliyoitumia. Si tafsiri, sentensi yenyewe. Liverpool walifanya kinyume: maneno yakapita kwa Comolli, yakapita kwa Kuyt, yakafika kwa mwamuzi kabla ya mtu yeyote kuyapima. La pili ni kutazama video zote kabla ya kuandika maelezo, kwa sababu neno kama "nilikuwa natuliza" likishaandikwa halifutiki, na mwanasheria wa upande wa pili atalisimamisha kando ya picha. La tatu, mtaalamu wa lugha aitwe mapema na apewe matoleo yote mawili ya kisa. Ukimpa toleo la mchezaji wako tu, atakupa jibu tamu litakalovunjika akiulizwa swali moja la ziada.

Na la nne, nyamaza. Siku moja baada ya adhabu kutangazwa, wachezaji wa Liverpool walipasha misuli uwanjani kwa Wigan wakiwa wamevaa fulana zenye picha ya Suárez. Taarifa ya klabu nayo ilikuwa imeshatia shaka uaminifu wa Evra. Maelezo ya hukumu yalikuwa bado hayajatoka. Walikuwa wanatetea jambo ambalo walikuwa hawajalisoma. Mwezi uliofuata Evra alizomewa Anfield kila alipogusa mpira. Huyu ndiye aliyekuwa ametukanwa. Jamie Carragher, mmoja wa waliovaa fulana ile, alimwomba Evra msamaha mbele ya kamera mwaka 2019, na kukiri kwamba walikosea.

Swali la tatu, adhabu, ndipo asili inapopata haki yake halisi. Msingi wa hesabu ulikuwa hivi: matusi ya kawaida uwanjani yalibeba mechi 2. Yakigusa rangi, kianzio kinazidishwa mara mbili, zinakuwa 4. Jopo likapandisha hadi 8 kwa sababu neno lilirudiwa mara saba ndani ya ugomvi, na kwa sababu Suárez alijua au alipaswa kujua kwamba halikubaliki. Hakuwa mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Alikuwa ameishi Ulaya tangu 2006, amekuwa nahodha wa Ajax, na klabu yake mwenyewe ilikuwa mshiriki wa kampeni dhidi ya ubaguzi. Upande wa kumpunguzia, walihesabu kwamba hakuwa na rekodi ya kosa la aina hiyo, kwamba Evra ndiye aliyeanzisha maneno, kazi yake ya hisani Afrika Kusini, na ahadi yake ya kutolitumia tena neno hilo.

John Terry, nahodha wa Chelsea, Mwingereza asiye na hoja yoyote ya lugha ya kwao, alifungiwa mechi 4 tu mwaka uliofuata kwa maneno ya rangi aliyomwambia Anton Ferdinand, beki mweusi wa QPR, wiki moja baada ya kisa cha Anfield, ingawa faini yake ilikuwa pauni 220,000. Wengi waliona ni upendeleo. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kurudiarudia, na hilo ni jambo ambalo mtu hulifanya kwa hiari, sentensi baada ya sentensi, haidhuru alikulia wapi.

Ili kuona asili ikiwa na uzito wa kweli, tazama Mruguay mwingine. Novemba 2020 Edinson Cavani aliifungia Manchester United mabao mawili dhidi ya Southampton, rafiki akampongeza Instagram, naye akajibu "Gracias negrito", asante. Rafiki, pongezi, shukrani: hapa utani una wenyewe, na wenyewe wapo. Cavani alifuta, akaomba radhi. Jopo lilikubali kwamba hakukusudia ubaya. Bado alifungiwa mechi 3 na kutozwa pauni 100,000, kwa kuwa kanuni iliyokuwapo wakati huo ilikuwa imekazwa na iliacha nafasi ndogo ya kushuka. Akademia ya lugha ya Uruguay ilipinga, na chama cha wachezaji cha huko kikasema FA ndio waliobagua.

Kwa maoni yetu walikuwa na haki ya kulalamika. Ujumbe ulikuwa hadharani, mbele ya mamilioni wasiojua Kihispania cha Montevideo, kwa hiyo onyo na somo vilifaa. Lakini faini iliyozidi mara mbili ya ile ya Suárez, kwa neno la upendo kwa rafiki, inaonyesha kanuni ikipima herufi na kusahau tukio. Kosa la FA kwa Cavani lilikuwa kutoipa asili uzito pale ilipothibitika kabisa. Hilo halimwokoi Suárez. Linamtenga naye zaidi, kwa sababu wote wawili walitoka Salto, mji uleule mmoja, na neno lao linafanana. Kilichotofautiana ni kila kitu kingine.

Rodrigo Bentancur wa Tottenham, naye wa Uruguay, alikwama pengine. Mwaka 2024, akihojiwa na televisheni ya nyumbani kwao, aliombwa jezi ya Son Heung-min, mchezaji mwenzake kutoka Korea Kusini, akajibu kwamba hata ya binamu yake ingefaa, maana wote wanafanana. Aliomba radhi, Son akamsamehe hadharani. Lakini mbele ya jopo utetezi ukawa kwamba alikuwa anamkejeli mwandishi kwa namna alivyomtaja Son. Radhi na utetezi huo havikai pamoja: ukiomba radhi kwa utani mbaya, huwezi kurudi kusema ulikuwa unamrekebisha mwenzako. Mechi 7, pauni 100,000. Msamaha wa Son ulikuwa wa kwake mwenyewe. Maneno yaliwagusa watu wengi ambao hawakuulizwa.

Suárez hakukata rufaa. Februari 11, 2012, timu zilipokutana Old Trafford, aliupita mkono wa Evra bila kuushika, kisha akaomba radhi kesho yake kwa shinikizo la klabu. Kuhusu neno lenyewe, ahadi aliyoitoa mbele ya jopo ilikuwa kwamba hatalitumia tena kwenye viwanja vya soka vya England. Alitaja England tu, ilhali wataalamu walikuwa wameshasema kwamba, kwa namna lilivyotumika langoni pale Anfield, lingekuwa tusi hata Salto.